Bei ya Kungoja: Kusafiri kwa Fedha Kidogo kutoka Dar es Salaam hadi Zambia

Karibu kila anayenijia kuulizia safari huanza na swali moja: nauli ya kufika Lusaka ni shilingi ngapi? Kazi yangu ni kuandaa safari za nchi kavu kwa vikundi vidogo vya watu wanne au watano, wengi wao wakiwa walimu, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuiona nchi nyingine ingawa tiketi ya ndege bado iko mbali na mifuko yao. Swali lenyewe si baya, ila nauli ni gharama inayofahamika kabla mtu hajafunga begi, na gharama inayofahamika haijawahi kumkwamisha msafiri wangu hata mmoja. Wote niliowaona wakikwama walikwamishwa na saa ambazo hawakuwa wakienda popote.

Katika safari yangu ya kwanza niliandika kila shilingi kwenye daftari, na niliporudi nikajumlisha. Nauli zote kwa pamoja hazikufika nusu ya matumizi. Fedha nyingine ililiwa na kungoja: soda ya pili na ya tatu stendi kwa sababu basi halijajaa, teksi ya usiku kwa sababu nimeshuka giza limeshaingia, gesti ya bei ya juu kwa sababu ile ya bei nafuu imejaa, na chakula kilichonunuliwa kwa uchovu badala ya njaa. Lakini nilipopitia daftari lile lile kutafuta majina na namba za simu za watu niliokutana nao, niliona kwamba takriban wote waliandikwa katika saa hizo hizo za kungoja. Tangu hapo sipangi tena safari kwa kilomita. Napanga kwanza mahali tutakapongoja, tutangoja na nani, na tutakula nini wakati huo.

Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, njia iliyonifundisha hayo ni TAZARA, reli inayounganisha Tanzania na Zambia. Ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, mji wa katikati mwa Zambia, na ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, wakati Zambia ilipokuwa ikitafuta njia ya kufikishia shaba yake baharini bila kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Reli hiyo ni ya njia moja, kwa hiyo treni inayopanda na inayoshuka hupishana stesheni, na abiria asiyejua hilo hudhani kila kusimama ni hitilafu. Huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kurejea kwa vipindi, hivyo kaulizie stesheni yenyewe kabla ya kumuaga mtu yeyote. Inapokuwepo, mimi humshauri msafiri akate daraja la pili, chumba cha vitanda sita, hata kama ana uwezo wa kulipia la kwanza lenye vitanda vinne. Wanawake hupangwa na wanawake na wanaume na wanaume, isipokuwa kwa walionunua chumba kizima, na usiku mbili ndani ya chumba cha watu sita humpa mtu ujirani ambao hoteli haiwezi kumpa.

Ujirani huo una adabu zake. Mgeni anayeingia chumbani na kuanza papo hapo kuwahoji wenzake wanatoka wapi, wanafanya biashara gani na wamebeba nini, atajibiwa kwa ufupi kisha ataachwa na dirisha lake, na ni haki yake. Anza na salamu, kisha toa chakula. Mimi hubeba karanga za kukaanga na chupa kubwa ya chai, vitu ambavyo havipotezi heshima ya anayepewa kwa kuwa thamani yake ni ndogo. Baada ya hapo uliza jambo ambalo mwenzako analijua kuliko wewe: kituo gani kina mchele mzuri, wapi kuku wa kukaanga huletwa dirishani wakiwa bado wa moto. Treni inaposimama Mlimba au Makambako, akina mama na watoto hukimbilia madirishani na mabeseni kichwani, na mtu aliyekwisha kuulizwa ushauri mara moja atajitwisha mwenyewe jukumu la kukutetea usiuziwe kwa bei ya mgeni.

Kwa njia hiyo nilimfahamu mama mmoja wa Kasama, mji wa kaskazini mwa Zambia, mfanyabiashara aliyekuwa akirudi na mizigo ya nguo kutoka Kariakoo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na chenye hesabu nyingi. “Mwanangu, wewe una macho mazuri,” aliniambia tulipokaribia Tunduma, “kaa hapa uniangalizie mizigo, mimi natafuta mtu wa kwacha,” yaani wa kubadilisha fedha ya Zambia. Niliiangalia. Ni muhimu nieleze hapa kile nilichokubali na kile ambacho nisingekubali: kumwangalizia mtu mizigo yake ndani ya chumba ni wema, lakini kuandikisha mzigo wa mtu kwa jina lako, au kumvushia hata mfuko mdogo mpakani, ni jambo ambalo simruhusu msafiri wangu alifanye kwa ajili ya yeyote, awe amemlisha wali wa siku mbili au la. Mtu mwema hakasiriki ukimkatalia.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde unastahili aya yake, kwa sababu ndipo fedha ndogo hupotea kwa haraka zaidi. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia kwa matembezi, na pasipoti, ambayo tangu ile ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 inalipiwa shilingi 150,000, ndiyo gharama kubwa ya maandalizi. Ongeza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni bora kuwa nayo kuliko kubishania ulazima wake na afisa mwenye muhuri mkononi. Wabadilishaji wa fedha huingia hadi ndani ya mabehewa. Fahamu kiwango cha siku hiyo kabla hujawaona, hesabu kwacha zao hadi mwisho kabla hujatoa shilingi zako, na ukishazihesabu usimrudishie kwa sababu yoyote, kwani hila kubwa ya kazi ile iko katika kuhesabu mara ya pili. Badilisha za kukufikisha mji unaofuata tu, lakini usivuke ukiwa na shilingi nyingi pia, kwa maana kila unapoiacha Nakonde nyuma, wanaozitaka hupungua.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi wasemaji wa Kiswahili peke yetu. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na Wazambia husoma saa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa mtindo wa saa ishirini na nne, hivyo ukiambiwa basi linaondoka saa kumi na nne maana yake ni saa nane mchana. Mtu anayefanya hesabu zote mbili kichwani akiwa na usingizi hufika stendi mapema mno au hukuta vumbi. Nimemwona mwalimu wa hisabati akikosea.

Mpango wangu ulikuwa kufika mwisho wa reli, lakini mama yule alinishusha Kasama. Sitaki kuipamba hadithi hii kuliko ilivyokuwa: nilisita, nikamuuliza kondakta kama anamfahamu, nikamtumia dada yangu ujumbe wenye namba ya simu ya mama na jina la mtaa, na nilifanya yote hayo mbele yake, bila kujificha. Hakuona ajabu, kwa kuwa yeye mwenyewe ana mabinti. Nyumbani kwake niliwekewa nshima, ambayo ni ugali wetu uliolainika kidogo, pamoja na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga na samaki wadogo waitwao kapenta. Nilipowaonja nikacheka, kwa sababu walikuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Baadaye nilijifunza kwamba hata kapenta wanaovuliwa Kariba, kusini kabisa mwa nchi, asili yao ni ziwa hilo hilo, kwani walipelekwa kupandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960.

Lugha ilinifaa pia kuliko nilivyotarajia. Kiswahili kinaeleweka Nakonde, na hufifia kadiri unavyoshuka, lakini masikio ya Mbantu hayabaki bila kazi. Katika Kinyanja, kinachosikika zaidi Lusaka, maji ni madzi, mvua ni mvula na njaa ni njala. Jina lenyewe la fedha, kwacha, ni kumekucha. Katika Kibemba cha Kasama, heshima huwekwa kwa kiambishi cha wingi, hivyo mama mmoja huitwa bamayo, kana kwamba ni wengi, na mgeni anayejua kusema mwapoleni kwa salamu na natotela kwa shukrani, huku akiinamisha magoti kidogo na kupiga makofi mepesi mbele ya wazee, hupunguziwa bei sokoni bila kuomba. Maneno kumi yanatosha. Anayetafuta maneno mia kabla ya kuondoka kwa kawaida haondoki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nimeifanya methali hiyo kanuni ya kazi. Kulala kwa mtu si malazi ya bure, na msafiri anayeyahesabu hivyo kwenye bajeti yake anamwibia mwenyeji. Siku ya kwanza peleka kitu cha jikoni, sukari au mafuta, ukimkabidhi mama wa nyumba na si watoto. Siku ya pili jua mahali ndoo ilipo. Siku ya tatu ama uwe na kazi mkononi ama uwe na tiketi. Mimi nilipewa kazi ya kupanga nguo sokoni, na pale mezani nilijifunza mengi kuhusu Kasama kuliko nilivyojifunza kwenye maporomoko ya Chishimba, ambayo yako umbali wa kilomita zaidi ya thelathini kutoka mjini, na ambayo hata hivyo yalistahili safari.

Kutoka hapo niliendelea kwa basi, na basi lina kungoja kwa aina yake. Mwishoni mwa mwaka 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri ili kupunguza ajali, na matokeo yake yalikuwa abiria wengi kulala njiani, ndani ya gari lililoegeshwa. Basi nililopanda mimi, la kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, liliharibika mchana kutwa, na saa tatu ikatukuta mbali na mji. Walioshuka kutafuta gesti kwa pikipiki walitumia fedha ya siku mbili. Tuliobaki tulikuwa na shuka, maji na mkate, tukalala kwa zamu, na dereva mmoja wa lori kutoka Mbeya aliyekuwa ameegesha jirani akatuchemshia chai juu ya jiko la utingo wake. Madereva hawa wa njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni maktaba inayotembea, wanajua mgahawa upi una Mtanzania jikoni na daraja lipi linatengenezwa. Kuwauliza habari ni jambo jema sana. Kuomba lifti kwa mtu usiyemjua ni jambo jingine, na kupanda magari ya IT upande wetu wa mpaka, yale yanayopelekwa kwa wanunuzi nje ya nchi, ninakukataza kabisa: hayaruhusiwi kubeba abiria, yanakimbizwa mno, na ikitokea ajali utajikuta huna bima wala tiketi ya kuonyesha.

Kuhusu mji wa Livingstone, kusini mwa Zambia, nitasema machache, kwa kuwa wengine wamesema mengi. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuusikia moshi ndani ya jina lake, yana urefu wa mita 108 kwenda chini na upana wa mita 1,708. Mwezi wa Aprili maji hujaa hadi mvuke huyaficha, na ifikapo Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki na mwamba mwingi kuliko maji, hivyo mwenye fedha ya kwenda mara moja achague mwezi wake vizuri. Hosteli nyingi za wasafiri pale hukodisha nafasi ya kupiga hema kwa bei iliyo chini ya kitanda, na jiko la pamoja ni mahali pazuri pa kukutana na watu kuliko baa, tena ni rahisi zaidi kwa mfuko. Fedha ya kurudi iwe imeshonwa mahali pasipofikika kabla hujaliona daraja lile la mwaka 1905 linalovuka kwenda Zimbabwe.

Gharama moja haikuwemo kwenye daftari langu, na sasa huwaeleza wasafiri waiweke mapema. Mama wa Kasama huja Kariakoo mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila anapokuja hulala kwangu. Nimenunua godoro kwa ajili hiyo. Mara ya mwisho alishuka na mfuko wa maharage na mwingine wa kapenta waliokaushwa, akakaa siku tano akingoja mzigo wake ukamilike, na asubuhi ya siku ya tatu nilipoamka nilikuta ameshafagia ua wote na anatafuta ndoo ilipo.