Kabla ya Kuilaumu Mota ya Slaidi

Nimeletewa tena mota mpya ndani ya boksi lake, pamoja na ombi la kuifunga upesi kwa sababu safari imekaribia. Slaidi, ile sehemu ya chumba inayosukumwa nje ya motahomu (gari-nyumba) likiegeshwa, inatoka kwa kujikokota, inanguruma, inasimama katikati. Mwenye motahomu ameshaambiwa tatizo ni nini: mota imekufa. Nimechoka kuisikia sentensi hiyo. Simlaumu mwenye gari, maana yeye hakuzaliwa fundi. Nawalaumu mafundi wenzangu wanaoitamka kabla ya kutoa multimita, mita ya kupimia umeme, mfukoni. Mota inanunuliwa, inafungwa, na slaidi inagoma vilevile.

Mota ya slaidi ni kitu rahisi: sumaku za kudumu, jozi ya kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na gia za kupunguza mwendo. Inafanya kazi kwa muda mfupi, kisha inakaa siku au wiki bila kuguswa. Kaboni hazichakai kwa namna hiyo. Kinachochakaa ni njia ya umeme inayoifikia, na chumba chenyewe inachokisukuma. Tangu Newmar, watengenezaji wa motahomu, walipoweka slaidi kwenye motahomu mwaka 1990, mifumo imekuwa mingi: gia na reli chini ya sakafu, haidroliki, kamba za chuma, mota mbili zilizofichwa ukutani. Lakini nguvu ya karibu mifumo hii yote bado inatoka kwenye volti 12, na volti 12 ni kidogo sana kiasi kwamba ukipoteza moja na nusu njiani, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kila kitu.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Nimepima fundi, volti zipo. Mita inasoma 12.6."

Umeipima lini? Mota ikiwa imeungwa au imechomolewa? Swichi ikiwa imebonyezwa au la? Karibu kila mara jibu ni kwamba waya ulichomolewa kwenye mota, ncha za mita zikagusishwa, namba ikaonekana, furaha ikaingia. Kipimo hicho hakisemi lolote. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa takriban megaohmu 10, kwa hiyo mkondo unaopita ndani yake ni kama sehemu moja ya milioni ya ampea. Mkondo mdogo namna hiyo unapita hata kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya uliooza, na mita itakuonyesha volti zote kana kwamba waya ni mzima. Mota haiombi sehemu ya milioni. Slaidi nzito inaomba ampea 20, 30, na zaidi ya hapo inapoanza kutoka. Nguvu za mpagazi huzijui mpaka gunia likae mgongoni.

Tuchukue hesabu. Teminali yenye kutu ya kijani inaweza kuwa na ukinzani wa ohmu 0.05. Ni kidogo mno, multimita ya kawaida haiwezi hata kuupima kwa uhakika, maana nyaya za mita yenyewe zina zaidi ya huo. Pitisha ampea 30 hapo: volti 1.5 zimepotea, na wati 45 zimegeuka joto katika eneo lisilozidi kichwa cha boliti. Sasa ongeza waya wenyewe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, mita 8 kwenda na mita 8 kurudi, unakula karibu volti 1.4 kwa mkondo huohuo, nao ni waya mzima kabisa usio na kosa. Jumlisha. Mota inapokea chini ya volti 10 huku betri imejaa, na kwa kuwa mwendo wa mota ya aina hii unafuata volti inazopata, lazima ijikokote. Mota mpya nayo itajikokota hivyohivyo.

Kwa hiyo pima hivi. Acha mota imeungwa. Weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, juu ya nguzo yenyewe, si juu ya teminali iliyoibana. Ncha nyeusi ipeleke kwenye waya chanya pale unapoingia kwenye mota. Mtu mwingine abonyeze swichi. Namba unayoiona ndiyo iliyoibwa njiani. Kisha fanya hivyo kwa upande wa hasi: kutoka waya hasi wa mota hadi nguzo hasi ya betri. Kumbuka tu kwamba chumba kinaporudi ndani, chanya na hasi hubadilishana kwenye mota, kwa hiyo pima katika mwelekeo unaogoma na ujue waya upi ni upi wakati huo.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika. Ethi nyingi, yaani nyaya za hasi zinazoungwa kwenye chuma cha gari, zimefungwa kwa skrubu iliyopita kwenye rangi hadi kwenye chesi, fremu ya chini ya gari, mahali panaporushiwa maji na matope. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, funga upya kwa nguvu, paka kinga juu yake. Slaidi nyingi nimezirudisha kazini kwa brashi ya waya na spana, bila kununua chochote.

Nikiona zaidi ya nusu volti imepotea upande mmoja, naanza kutafuta. Mpaka huo nimejiwekea mwenyewe. Wapo mafundi wazuri wanaokubali volti nzima na slaidi zao zinatembea. Hoja yangu dhidi yao ni joto: volti moja kwa ampea 30 ni wati 30 zinazochoma mahali fulani ndani ya ukuta, na kiungo kinachopata joto hulegea, kikilegea hupata joto zaidi. Lakini nakiri kwamba kwenye gari lenye nyaya nyembamba za kiwandani, kufuata mpaka wangu maana yake ni kuvuta waya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, na si kila mara naona haki kumwambia mtu afanye hivyo.

"Lakini nimechomeka umeme wa nje." Nalo nalisikia kila wakati. Chaja ya ndani inatoa volti 13.6 ikiwa imetulia, ndiyo, ila ina kikomo chake cha ampea, na taa, feni na friji vinakula humohumo. Mruko wa kwanza wa mota unabebwa na betri. Betri iliyochoka itasoma 13.6 maadamu chaja inaishikilia, kisha inaanguka mara tu kitufe kinapobonyezwa. Chomoa umeme wa nje, iache ipumzike saa kadhaa, hakikisha inasoma 12.6 au 12.7, halafu weka mita kwenye nguzo za betri na mtu abonyeze. Betri nzima ya ampea-saa 100 itashuka hadi maeneo ya 12 kwa ampea 30. Ikizama chini ya 11, mgonjwa wako ni huyo.

Sasa kuna dalili moja ambayo ingepaswa kuokoa mota nyingi: slaidi inatoka vizuri, inagoma kurudi tu. Mota ya kaboni na sumaku haijui kutoka wala kurudi. Ukigeuza umeme, inageuka. Ikisukuma kwa nguvu zake zote upande mmoja, imeshakuthibitishia kwamba ni nzima, na unapaswa kwenda moja kwa moja kwenye rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za kugeuza mwelekeo na kwenye swichi, ambako kila upande una kontakti zake. Tofauti ninayoikubali ni slaidi ambazo sakafu yake hushuka na kulingana na sakafu kuu zikifika nje kabisa. Hizo zikirudi lazima zipande kwanza, mzigo ni mkubwa zaidi, na hapo mota dhaifu kweli inaweza kuonekana nzima wakati wa kutoka.

Dalili nyingine inayosomwa vibaya ni ile ya "mota inachoka". Inatembea kidogo, inazima, unasubiri, inaendelea. Kinachopumzika hapo mara nyingi ni sakiti breka inayojirudisha yenyewe. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja ukipata joto, unakata, unapoa, unaunga tena. Joto hilo linaweza kutoka kwenye mkondo mkubwa kupita kiasi, na hapo kuna kitu kinakwama. Lakini linaweza pia kutoka kwenye nati iliyolegea juu ya breka yenyewe, nayo ikakata huku mkondo ni wa kawaida. Kaza nati kwanza. Tafadhali usiweke breka kubwa zaidi ili "ivumilie". Breka imewekwa kuulinda waya, na waya umepita ndani ya mbao na povu ambako watu wanalala.

Ili kutofautisha haya unahitaji mita ya kubana waya, na iwe ile inayopima mkondo wa betri, kwa sababu nyingi za bei ya chini zinapima umeme wa nyumbani tu. Isome pamoja na volti zilizopo kwenye mota. Volti ndogo, ampea za kawaida au ndogo: njia ya umeme ni mbovu. Volti nzuri, ampea nyingi kupita kawaida: mota inapigana na kitu. Volti nzuri, ampea sifuri: hapo ndipo nakubali kuisikia ile sentensi.

Mota inapopigana na kitu, angalia mambo ya wazi kabla ya kufungua chochote. Je, vyuma vya kufungia chumba wakati wa safari vimetolewa? Kiti cha dereva kimesogezwa? Droo imefunguka? Gari limelala upande? Baadaye ndipo uingie chini na taa. Ninachokiogopa zaidi huko ni maji. Kona ya slaidi ikivuja kwa miaka, mbao ya sakafu inafura na kulainika, roli zinazama ndani yake, na chumba kinaburutwa badala ya kuteleza. Bonyeza ukingo wa chini kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye sponji, hiyo ni kazi ya seremala, na mota yenye nguvu zaidi itaivunja mbao hiyo haraka zaidi. Ukiwa huko chini, fyuzi iwe imetolewa, wala usitumie jeki kukisukuma chumba kutoka katikati, kwa sababu kitatoka upande mmoja na kupinda reli.

Haidroliki nitazipita haraka. Ukisikia solenoidi, ile swichi ya sumaku inayowasha pampu, inagonga na pampu haizunguki, rudi juu usome tena habari za betri. Kiwango cha mafuta kinaangaliwa slaidi zote na jeki zote za kusawazisha gari zikiwa zimeingia ndani. Ukijaza zikiwa nje, mafuta yatafurika zikirudi.

Na grisi! Watu wanaipaka kila mahali chumba kikipiga kelele. Grisi kwenye reli ya wazi chini ya gari inakusanya mchanga, na mchanga ndani ya grisi ni msasa. Kwenye mpira wa kuzuia maji ni mbaya zaidi, kwani mipira mingi ya namna hiyo ni EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, na mafuta ya petroli huifanya ivimbe na kulegea. Mpira unatakiwa kusafishwa kwa maji na sabuni, ukauke, kisha upulizwe silikoni kavu. Reli ipate kilainishi kikavu, kidogo.

Mota hufa, sikatai. Ukiigonga taratibu kwa mpini wa nyundo huku kitufe kimebonyezwa na ikaamka, kaboni zimeisha au zimekwama. Ukiisikia inazunguka na chumba hakisogei, angalia pini ya kukatika, ambayo imewekwa ikatike ili gia zisivunjike. Au mtu alifungua breki ya mota ili azungushe kwa mkono, akasahau kuirudisha.

Mfumo wenye mota mbili ukutani ndio unaonifanya nisite. Kila upande una mota yake, na kompyuta ndogo inahesabu mizunguko ya kila moja kwa kihisi ili ziende sambamba. Mwenye gari anapoachia kitufe mara tu anapoona chumba kimefika, kabla mota hazijasimama zenyewe, hesabu huanza kuachana. Shikilia kitufe mpaka zisimame. Upande mmoja ukigoma, inaweza kuwa mota, kihisi, waya, plagi, au kompyuta yenyewe, na taa za makosa zinaposema kihisi hakitoi ishara, mara nyingi waya ndio ulioguguniwa au plagi imelegea.

Huwa nabadilisha plagi za mota mbili kwenye kompyuta, za kushoto ziende kulia, nabonyeza kwa nukta moja tu, na kuangalia kosa limehama au limebaki. Likibaki upande uleule wa chumba, kosa ni mota au waya wake. Likihamia upande wa pili, ni kompyuta. Tatizo ni pale kosa linapotoweka kabisa baada ya kubadilisha. Plagi ilikuwa na uchafu, nimeisugua bila kujua kwa kuichomoa? Au kuna waya uliokatika nusu ambao nimeutikisa ukagusana? Katika hali hiyo siagizi mota. Nasafisha plagi zote, nafunga nyaya zisicheze, naendesha slaidi nje na ndani mara nyingi huku nikizitikisa kwa mkono, halafu namwambia mwenye gari ukweli: sijaona kilichoharibika, likirudi asiguse kitu, anipigie likiwa bado linagoma.