Waridi la Pinki Si Lazima Liwe Tamko la Mapenzi

Wengi huamini kwamba anayepewa waridi la pinki ametongozwa, na kwamba rangi hiyo ni ya kike kwa asili. Kwa desturi, mahaba makali huachiwa waridi jekundu, ilhali la pinki hubeba zaidi shukrani na upole. Dhana ya kwamba pinki ni rangi ya kike nayo ni ya juzi tu: mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani lilishauri wavulana wavishwe pinki, eti ndiyo rangi yenye nguvu, na wasichana buluu. Hata zambarau haikuwa ya kifalme kwa asili: ilihusishwa na wafalme kwa sababu ya gharama, kwani ilitengenezwa kutokana na konokono wengi wa baharini, hadi mkemia Mwingereza William Perkin alipovumbua zambarau ya maabara mwaka 1856.