Kioo kikikauka unarudia kipimo: maswali ya akina mama Tanga kuhusu shingo ya kizazi

Dada, wewe pale maabara unapima damu?
Hapana mama, mi nasoma seli. Wenzangu wanapima malaria na sukari, mi naletewa kioo chenye ute wa shingo ya kizazi nakipaka rangi alafu nakaa na hadubini nakipitia chote, kwenda na kurudi, kama mtu anaepalilia asiache tuta.

Seli mbovu ikoje?
Seli nzima ya juu ni pana na nyembamba, kiini chake kidogo kama punje ya ufuta katikati ya chapati. Ikianza kuharibika kiini kinakua, kinakoza rangi, kingo zinakunjamana. Nyingine utaona kiini kimezungukwa na uwazi, hiyo ni alama ya kirusi cha HPV, ambacho aina ya 16 na 18 peke yake zinasababisha kama asilimia 70 ya saratani ya shingo ya kizazi. Nikiiona naweka nukta ya wino juu ya kioo nampelekea daktari wa patholojia, yule anaetambua ugonjwa kwa kuangalia seli, jibu la mwisho ni lake.

Nimeambiwa nirudie, ndo kansa?
Sio lazima mama yangu, usilie kwanza! Uliza sababu. Ute ukishapakwa kwenye kioo unatakiwa uingie kwenye spiriti hapohapo, ukiachwa hewani na joto hili la Tanga feni nayo inazunguka, seli zinavimba zinafifia na mi sisomi kitu. Nilishaletewa kioo kimekauka cha mama aliyetoka Pangani, nikakirudia mara tatu sikuona cha kusema, ikabidi aitwe upya, nauli upya, roho iliniuma sana. Lakini alirudi. Na wewe rudi.

Mi walinipaka siki tu, inatosha?
Ni kipimo cha kweli kabisa. Wanapaka asidi ya siki wanasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe, unaondoka na jibu lako.

Binti yangu je?
Chanjo ya HPV ni ya wasichana wa miaka 9 mpaka 14, tangu 2024 ni dozi moja tu. Mpeleke. Akikua bado atapima.

Nijiandaeje?
Usije ukiwa kwenye siku zako, na siku mbili kabla usikutane na mume, usiweke dawa wala usijisafishe ndani. Najua huku kwetu pwani tumefundishwa kujisafisha, ila zile seli unazomwaga na maji ndo ninazozitafuta.