"Si Utumie Nyingine Tu?"

Wiki hii nimeambiwa tena: "Kama GNOME huipendi, si utumie nyingine? Programu huria ni uhuru wa kuchagua." GNOME ni mojawapo ya sura za Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta: madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini. Haya, njoo uuone uhuru wenyewe.

Kompyuta ninazohudumia zina Xfce, sura nyingine ya Linux. GNOME haimo hata kwenye moja. Juzi mama mmoja alikuwa anajaza fomu kwenye Firefox, anatakiwa kupakia picha ya pasipoti. Kabofya kitufe, dirisha la kuchagua faili likafunguka: IMG_4471.jpg, IMG_4472.jpg, IMG_4473.jpg, hivyo hivyo mpaka chini.

"Mwanangu, sasa nitajuaje ipi ni ipi?"

"Bofya mojamoja, mama, utazame inayotokea pembeni."

Dirisha lile Xfce hawakulibuni, Firefox nao wanaliazima tu. Ni la GTK, maktaba inayochora vitufe na menyu za programu chungu nzima za Linux, na wanaoiendesha wengi wao ni haohao wa GNOME. Ombi la kupanga picha kwa vijipicha humo, yaani kila faili ionyeshe picha yake ndogo badala ya jina tu, liliandikwa 2004. Vikaja 2023, kwenye GTK 4.10. Miaka 19! Na Firefox bado iko GTK 3, toleo la zamani, kwa hiyo mama wa watu havijamfikia.

Upau wa juu wa dirisha, ule uliomeza menyu na kuweka vitufe mahali pake, ni hadithi hiyohiyo. Uliingia na GTK 3.10 mwaka 2013. Linux Mint, wanaotoa Linux yao yenye sura yao wenyewe iitwayo Cinnamon, walipoona programu za GNOME hazikai sawa humo, 2016 wakaanzisha XApps: kihariri, kitazama picha, vitu ambavyo tayari vilikuwepo, wakabeba mzigo wa kuvitunza upya. Xfce 4.16, mwaka 2020, wakaukubali upau kwenye madirisha ya mipangilio.

Hapo ndipo mtu ananiambia, "Wameiga kwa sababu ni mzuri." Huyo hajawahi kutunza programu. Ukiwa na watu wachache wa kujitolea, unafuata maktaba inakoelekea, maana kila unachokataa utakipigania tena toleo lijalo.

Nakiri, kwenye laptopu yangu ya inchi 11 upau ule unaniokolea nafasi, na nimeuzoea. Tena GTK nao hawana watu wa kutosha, na mimi mlalamikaji sijawatumia hata mstari mmoja wa msimbo wa programu.

Mama aliipata picha yake, ya thelathini na kitu. Ilikuwa imelala ubavu.