Wakili wako alisoma sheria lini mara ya mwisho?

Machi 2023 mama mmoja kutoka kijiji kimoja cha Mkoa wa Morogoro aliingia kwenye chumba chetu cha msaada wa kisheria akiwa na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Aliitoa taratibu, akaikunjua juu ya meza, akaigeuza upande wangu ili niisome. Ilikuwa hukumu ya Baraza la Kata, ya Juni 2022, yenye mhuri wa bluu na sahihi za wajumbe. Ilimpa ushindi wa shamba la nusu eka alilolilima tangu mumewe akiwa hai. Jirani yake hakuridhika, akakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mama alikwenda na wakili, tena wakili halali mwenye leseni, si kishoka. Wakili akasimama na Sura ya 216, yaani sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi, toleo la 2019, akasoma kifungu kinachoyapa Mabaraza ya Kata mamlaka ya kusikiliza migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ameisoma Sheria Na. 5 ya mwaka 2021.

Hakuwa ameisoma.

Sheria hiyo, moja ya zile tunazoziita sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali, ilianza kutumika tarehe 11 Oktoba 2021. Iliyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Tangu siku hiyo kazi yao ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, Baraza linathibitisha kwa maandishi kwamba imeshindikana, ndipo mwenye madai anakwenda Baraza la Wilaya; na siku 30 zikipita bila suluhu, anaruhusiwa kusonga mbele. Shauri la mama lilifunguliwa Februari 2022, miezi minne baada ya mabadiliko. Kwa hiyo hukumu aliyoitunza kwenye nailoni ilitolewa na chombo kisicho na mamlaka, na mwenendo wote wa shauri ukafutwa. Hakuna aliyemwambia shamba si lake. Aliambiwa kwamba mpaka hapo hakuna kilichoamuliwa.

Kazi yangu ni kuwafundisha mawakili ambao tayari wana leseni, na kila mara naulizwa na watu wa kawaida: wakili aliyekwisha kufuzu anasoma nini tena? Mama huyu ndiye jibu langu. Pengo kati ya sheria wakili aliyoisoma chuoni na sheria inayotumika leo hulipwa na mteja, kwa nauli, kwa muda, na wakati mwingine kwa shamba lenyewe.

Tuangalie mabadiliko yanatoka wapi. Bunge hutunga sheria mpya, lakini mara nyingi zaidi hurekebisha zilizopo, na muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali unaweza kugusa ardhi, makosa ya jinai, ushahidi na mirathi kwa mkupuo mmoja. Wakili wa ardhi akisikia jina la muswada tu hawezi kujua kwamba ndani yake mna kifungu kinachomhusu. Kila mwaka, ifikapo Julai, Sheria ya Fedha hubadilisha kodi na ada. Mawaziri nao hutoa kanuni kupitia Matangazo ya Serikali, na hizi ndizo zinazopita kimya kuliko zote. Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa, na ni watu wachache mno wanaolifungua.

Kisha kuna mahakama. Wananchi wengi hawajui kwamba uamuzi wa Mahakama ya Rufani hufunga mahakama zote zilizo chini yake kuanzia siku unaposomwa. Mwaka 2018, ikiwa Mbeya, Mahakama hiyo iliamua rufaa ya madai Na. 286 ya 2017, nayo pia ilitokana na mgogoro wa ardhi. Hoja ilikuwa ndogo kwa macho: wazee wa baraza, yaani washauri wa mwenyekiti, walikaa naye, lakini maoni yao hayakusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zinazogombana, kabla ya hukumu kuandikwa. Mahakama ikabatilisha mwenendo wa shauri. Baada ya hapo rufaa nyingi za ardhi zilianguka kwa hoja hiyohiyo, na wakili aliyekuwa anafuatilia alijua la kufanya: siku ya mwisho ya usikilizaji anasimama, anamwomba mwenyekiti maoni ya wazee yasomwe, na anahakikisha hilo limeandikwa kwenye jalada. Ombi la dakika tano. Asiyefuatilia alimshindia mteja wake kesi, halafu akaja kuupoteza ushindi huo kwenye rufaa miaka minne baadaye, mashahidi wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano mzito zaidi, nami huutumia darasani kila mwaka. Tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamnyima nafasi ya kupima maombi ya kupunguziwa adhabu. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondoka ni ulazima wake. Habari ikaenea magerezani haraka kuliko ilivyoenea hukumu yenyewe. Punde mawakili wakaanza kuibeba hoja hiyo kwenye kesi za wizi wa mabavu na za unajisi wa watoto, na mahakama kadhaa zikawakubalia na kupunguza vifungo. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua: tulichosema kilihusu mauaji peke yake. Hata baada ya ufafanuzi huo zipo adhabu zilizoendelea kupunguzwa, mpaka tarehe 12 Julai 2024, Mahakama hiyo ya Juu ilipomrudishia kifungo cha miaka 20 mtu aliyetiwa hatiani kwa unajisi ambaye Mahakama ya Rufani ilikuwa imempunguzia hadi miaka 15.

Fikiria familia inayokwenda kumuuliza wakili: ndugu yetu amefungwa kwa kosa la aina hii, akate rufaa ya adhabu au asikate? Jibu sahihi la mwaka 2019 ni kosa kubwa mwaka huu. Na asiyelijua hilo anachukua ada ya familia, anaandaa rufaa, na kuwapa watu matumaini ambayo mahakama imekwisha kuyafunga. Kwangu mimi kumpa mfungwa tumaini la uongo kwa sababu ya uvivu wa kusoma ni dhuluma, na sioni neno laini zaidi la kuliita.

Upande wa kodi mabadiliko hayasubiri hata miaka. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 yote kuwa batili. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo. Tarehe 29 Oktoba ikautengua. Mfanyabiashara aliyetaka kujua makato ya kodi yake alihitaji wakili anayesoma kila wiki, kwa kuwa ushauri wa mwezi uliopita ulikuwa umeshachacha.

Huku kwetu kuna hali nyingine inayowachanganya hata mawakili wazoefu: kitabu kinasema hivi, mahakama imesema vile. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na miaka mingine ikafuata, maneno yale yakiwa bado kitabuni. Mtu akifungua kitabu peke yake, bila kuangalia hukumu, anaweza kumshauri mzazi jambo ambalo mahakama ya juu kabisa nchini imekwisha kulikataa. Binti atakayeolewa kwa ushauri huo hatarudishiwa utoto wake.

Kisha ukaja urekebu. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua sheria zilizofanyiwa urekebu, Toleo la 2023, na toleo hilo likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Mara ya mwisho sheria zetu kurekebiwa kwa ujumla wake ilikuwa 2002. Katikati hapo zilikuwa zinatolewa matoleo ya sheria mojamoja. Urekebu hautungi sheria mpya. Unakusanya marekebisho yote yaliyorundikana na kuyaweka mahali pake, na katika kufanya hivyo vifungu vya baadhi ya sheria vimehama namba. Nimeona mawakili wa miaka thelathini kazini, watu ninaowaheshimu sana, wanaoweza kukutajia kifungu usingizini, wakirudi mezani na penseli kama wanafunzi, wakiandika namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Hilo lilinifurahisha kuliko kongamano lolote nililowahi kuhudhuria.

Nayasema haya nikiwa na Tanzania Bara akilini. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi, sheria zake za ardhi na chama chake cha wanasheria, na wakili wa Bara asidhani anachokijua kinavuka bahari pamoja naye.

Vyama vya mawakili vimejaribu kulijibu tatizo hili kwa mafunzo endelevu. Kenya inamtaka wakili apate pointi 5 kila mwaka, na huku Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho huendesha mafunzo kwa wanachama wake. Nayaunga mkono kwa moyo wote, nami hufundisha huko. Lakini pointi zinapima kuhudhuria. Wakili anaweza kukaa siku mbili katika ukumbi wa hoteli, akapata cheti, na majalada aliyoyaacha ofisini yasiguswe na chochote alichokisikia.

Kinachofanya kazi nimekiona katika ofisi ndogo za mikoani, zenye mawakili wawili au watatu. Wanakuwa na daftari la mabadiliko, la kawaida la kaunta, na kila Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, wanakaa dakika arobaini. Mmoja amepitia Gazeti la Serikali, mwingine amepitia hukumu mpya kwenye tovuti ya TanzLII, ambako maamuzi ya mahakama zetu yanasomwa bure hata kwa simu. Wanachora safu nne: sheria gani, nini kimebadilika, kinaanza lini, na jalada gani hapa ofisini linaguswa. Safu ya nne ndiyo yenye uhai. Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025, yaliyoongeza muda wa likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, hayana maana yakiandikwa tu. Yanakuwa na maana pale wakili anapokumbuka kwamba mteja wake mwenye kiwanda ana mfanyakazi aliye wodini sasa hivi, akainua simu.

Safu hiyo pia inavunja kuta kati ya fani. Wakili wa jinai anayepokea ushahidi wa ujumbe wa simu anakutana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayeandaa mkataba wa kuuza nyumba anakutana na kodi, na pia na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Mteja huja na tatizo moja, halijagawanywa kwa masomo ya chuo.

Njia ya mkato ipo, na vijana wanaijua. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya akili mnemba; kesi walizozitaja hazikuwahi kuwapo. Programu hizo zinaweza kukusaidia kutafuta. Kusoma hukumu yenyewe, kuanzia majina ya majaji hadi amri ya mwisho, ni kazi ya macho yako.

Wewe mteja unaweza kuuliza, na hutakuwa umemkosea adabu wakili. Kwanza hakikisha ana leseni ya mwaka huu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambapo jina lake linaangaliwa. Halafu muulize: sheria inayohusu shauri langu ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Kuna uamuzi wa karibuni wa Mahakama ya Rufani unaonihusu? Mwombe akuonyeshe. Wakili anayejua kazi yake hufurahia swali hilo, wakati mwingine akakujibu, "Nipe mpaka kesho niangalie," na jibu hilo ni zuri. Mwogope yule anayejibu papo hapo kila unachomuuliza, bila kugusa kitabu.

Yule mama alianza upya. Aprili 2023 alirudi Baraza la Kata, safari hii kwa usuluhishi. Jirani aliitwa mara tatu, hakutokea. Siku 30 zilipotimia tukamfungulia shauri Baraza la Wilaya, lenye kila kiambatisho kinachotakiwa. Siku ya kuwasilisha nilimwomba nibaki na ile hukumu ya zamani kwenye jalada, akaniambia hapana, ataishika mwenyewe. Akaikunja palepale ilipozoea kukunjwa, akairudisha kwenye nailoni yake.