Waslavi hawakuitwa kwa jina la watumwa

Limeenea dai kwamba jina "Slav", la Waslavi (Warusi, Wapolandi, Wacheki na jamaa zao wa lugha), lilitokana na neno la Kiingereza "slave", yaani mtumwa. Mambo yalikwenda kinyume chake. Waslavi walijiita Slověne karne nyingi kabla Kiingereza hakijawa na neno hilo, na wanaisimu wengi huhusisha jina Slověne na "slovo", yaani "neno": watu wanaoelewana kwa lugha. Jirani yao Mjerumani walimwita kwa jina lenye maana ya bubu, na hadi leo Wapolandi huiita Ujerumani "Niemcy".

Wagiriki wa Bizanti, Dola ya Kirumi ya Mashariki, waligeuza jina Slověne kuwa Sklavenoi, Kilatini kikapata "sclavus". Katika karne ya 9 na ya 10 Waslavi wengi mno walitekwa na kuuzwa, wengine hadi Córdoba huko Hispania, ambako Waarabu waliwaita Saqaliba. Ndipo jina la taifa likageuka jina la hali yao ya utumwa, likaingia Kifaransa, kisha Kiingereza. Hata salamu "ciao" ya Waitalia ina asili hiyo: "mtumwa wako".

Warusi wenyewe humwita mtumwa "rab". Shina hilo ndilo lililozaa "robota" ya Kicheki, kazi ya shuruti kwa bwana, na kutoka hapo roboti.