Sonona na masomo: kwa nini mwanafunzi mwenye uwezo huanza kufeli

Sonona ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa huwa na huzuni nzito, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Kwa vijana huzuni hiyo mara nyingi hujificha nyuma ya hasira za haraka, kununa na kujitenga, na shuleni hudhaniwa kuwa ni utovu wa nidhamu au uvivu.

Umakini huathirika mapema. Mwanafunzi anasoma ukurasa mzima, akifika chini hakumbuki cha juu. Ile kumbukumbu inayoshikilia hatua ya kwanza ya hesabu wakati anafanya ya pili nayo hudhoofika, hivyo anapotea katikati ya mlinganyo ambao kanuni yake anaijua vizuri. Kufikiri kunakuwa kwa polepole. Muda wa mtihani unaisha maswali yamebaki. Usingizi nao huharibika: wengine huamka saa 9 usiku wasilale tena, wengine hulala mno na bado wakaamka wamechoka. Hasara hapa ni kubwa, kwa sababu ni usingizini ubongo unapoimarisha yaliyosomwa mchana.

Alama zikishuka, anajiona hafai, na anayejiona hafai haoni sababu ya kujaribu. Anakosa vipindi. Katika hisabati na fizikia, ambako mada mpya husimama juu ya iliyotangulia, kukosa wiki mbili tu kunaweza kumwacha nyuma muhula mzima. Kumchapa au kumwaibisha mbele ya wenzake kunamthibitishia lile ambalo ugonjwa unamwambia kila siku.

Anayefeli somo moja huenda ana tatizo na somo hilo. Aliyekuwa akifanya vizuri, kisha akashuka karibu masomo yote kwa pamoja, achunguzwe sonona. Apimwe pia damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu unaofanana na huo.

Mwalimu amwite faragha, amuulize kuhusu usingizi, chakula, na kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali kwamba anawaza, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wengine nao wafikishwe kituo cha afya mapema, kwa tiba ya mazungumzo, na dawa pale daktari anapoona inafaa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi huziacha kabla hazijafanya kazi.

Darasani, apewe kazi moja ya dakika 15 hadi 20, apumzike, ndipo apewe nyingine. Viporo vyote asirundikiwe kwa mpigo. Mara nyingi furaha hurudi kabla ya umakini, kwa hiyo akianza kucheka na wenzake, bado aongezewe muda wa kazi na majaribio hadi kasi yake irudi.